Jordan, LeBron, Wilt: mbele ya kulinganisha, ubadilishe makuta kwanza

Siku ya Mungu moja nilikuwa kwa kinyozi pale Katindo, mbele yangu watu watatu, na unajua kwa kinyozi ya Goma mutu hanyolewake kimya. Peti moja mwenye alikuwa ku kiti, kichwa nusu imekwisha nusu bado, akasema LeBron James njo mukubwa ya wote mu basketi juu amepita pointi 40,000 na hakuna mwingine. Kinyozi akasimamisha mashine, akasema pointi si kitu, Michael Jordan iko na kombe 6 na fainali hajapoteza hata moja. Papa moja muzee alikuwa ku kona na simu yake, hata hatukujua kama anasikia, akainua macho: "Watoto yangu, kulikuwa mutu alifungaka pointi 50 kila mechi mwaka muzima. Huyo hamumutaji?" Ni Wilt Chamberlain, saizoni ya 1961-62, pointi 50.4 kwa mechi. Kinyozi akazima mashine kabisa. Nikajua leo nitafika nyumbani usiku.

Kitu yenye ilinisumbua ni kwamba wote watatu walikuwa na haki. Hakuna mwenye alidanganya, namba zote ni za kweli. Lakini 40,000 inajibu swali ya nani amefanya kazi mingi kupita wengine, kombe 6 inajibu swali ya nani ekipe yake ilishinda akiwa mbele, na 50.4 inajibu swali ya nani alifunga mingi mu saizoni moja. Maswali matatu tofauti na watu wanatokwa jasho sawa vile swali ni moja. Mimi kazi yangu ni hesabu, nawekaka vitabu ya depo moja ya vyakula, na usiku ya manane wenzangu wakilala miye niko naangalia mechi ya NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani, kwa simu juu kule Marekani ni saa ya jioni, kwa hiyo hii mambo imeniingia mpaka mu mifupa. Acha nieleze vile naona.

Tuanze na muzee, juu njo mwenye alinishinda kujibu palepale.

Wazazi wetu wanakumbuka mwaka 1992 noti ya zaïre milioni 5 ilitoka. Milioni tano, karatasi moja. Kila mutu alikuwa milionea na kila mutu alikuwa na njaa. 1993 wakaleta zaïre mupya, milioni 3 ya zamani ikawa 1, kiisha 1998 franka ikaingia, zaïre mupya 100,000 kwa franka moja. Sasa mutu akikuambia baba yake alikuwaka na milioni 20 ndani ya nyumba, utasema alikuwa tajiri? Utauliza kwanza, milioni ya mwaka gani? Pointi ya 1962 nayo ni vile, ni makuta ya wakati yake, iko na bei yake ya kubadilisha, na mwenye anaipima na makuta ya leo bila kupita kwa mubadilishaji anajidanganya yeye mwenyewe.

Juu wakati ile walikuwa wanakimbia kama watu wamefukuzwa na nyuki. Mu saizoni ya 1961-62 kila ekipe ilipigaka shuti karibu 108 kwa mechi na kufunga pointi karibu 119. Leo ekipe ya NBA inapiga shuti kama 89. Walipiga haraka, walikosa mingi, na kila shuti yenye inakosa inazaa ribaundi (ile mupira yenye inarudi na mutu anaikamata), njo maana kila ekipe ilikuwa inakamata ribaundi kama 71 kwa mechi na leo ni kama 44.

Chukua stilo tupige hesabu moja pamoja, hii njo ilinifungua macho mimi mwenyewe. Wilt mwaka ile alikamata ribaundi 25.7 kwa mechi. Dennis Rodman mu 1991-92 alikamata 18.7. Ku macho Wilt anamushinda mbali sana. Sasa badilisha makuta. Mechi ya Wilt ilikuwa na ribaundi 71 mara mbili, tuseme 143, na Wilt karibu hakutokaka nje, alicheza wastani ya dakika 48.5, ndiyo, kupita dakika 48 za mechi yenyewe, juu mechi zingine ziliongezwa dakika. 25.7 ndani ya 143 ni 18 kwa mia. Rodman yeye, kila ekipe ya wakati yake ilikamata kama 44, mara mbili ni 88, lakini yeye alichezaka dakika 40 hivi, basi zenye zilianguka yeye akiwa ndani ni kama 73. 18.7 ndani ya 73 inafika karibu 26 kwa mia. Kila ribaundi nne zenye zilianguka, moja ilikuwa ya Rodman, na Rodman ni mutu ya metre 2.01, Wilt alikuwa 2.16. Ku kukamata ribaundi, ukishabadilisha, Rodman njo tajiri.

Na sasa ukienda kwa Oscar Robertson, mwingine ya wakati ile, utaelewa. Mwaka ile ile 1961-62 alifanya pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti (pasi yenye inazaa kikapu) 11.4 kwa mechi, na watu walingoja miaka 55 mbele ya Russell Westbrook kufikisha tena kumi na zaidi mu vyote vitatu, mu 2016-17. Robertson alikuwa mukali, hakuna mwenye anakataa, lakini alikuwa anavua mu ziwa yenye samaki mingi.

Nilimuelezea muzee yote hii, na akanisikiliza mpaka mwisho, kiisha akaniuliza kitu moja: "Na kama walikuwa wanakimbia kupita hawa ya leo, hawakuchoka kupita hawa ya leo?" Kumbe. Ile hesabu yangu inafanya sawa vile mutu mwenye anacheza zamu 120 (zamu ni kila mara ekipe inashika mupira ya kushambulia) angefanya kila moja na nguvu ile ile ya mutu mwenye anacheza zamu 95. Mu formula hakuna mahali ya kuandika uchovu, wala bisi ya usiku, wala mechi tatu siku tatu. Nilimupa muzee pointi yake, na mwenyewe akaiandika ku hewa na kidole.

Bon, tuingie kwa Kobe, juu hapa Goma watu ya Kobe wako wengi kupita watu ya Jordan na nikimuruka watanitukana.

Tarehe 13 Aprili 2016, mechi yake ya mwisho, Lakers na Utah, huku kwetu ilikuwa tayari asubuhi ya 14. Kobe Bryant akafunga 60. Watu walilia. Sasa kuna hesabu moja wanaita tru shutingi, ni rahisi, inauliza tu: kila nafasi yenye ulitumia, ulileta nini? Unachukua shuti zote alipiga, unaongeza lansefran (ile unapiga peke yako mbele ya mustari) lakini ukizidisha kwanza mara 0.44, yote unazidisha mara 2, kiisha pointi zake unagawanya na hiyo. Ile 0.44 watu wanaonaka sawa uchawi. Ni juu lansefran mbili kwa kawaida zinakula zamu moja, ingekuwa 0.5, lakini kuna zenye hazikule zamu, kama ile ya kuongeza moja kisha umefunga na kupigwa mukono, ao ya faute ya tekniki, kwa hiyo inashuka kidogo.

Kobe siku ile alipiga shuti 50 na lansefran 12. 12 mara 0.44 ni 5.28, jumla 55.28, mara 2 ni 110.56. 60 gawanya na hiyo, 54 kwa mia. Na wastani ya NBA yote mwaka ile ilikuwa 54. Unaona? Usiku yenye watu walilia, Kobe alitumia nafasi zake sawa mutu ya katikati, tofauti ni kwamba alitumia nafasi mingi kupita mutu yeyote. Sasa peleka ile formula ku tarehe 22 Januari 2006, mechi ya Toronto, pointi 81: shuti 46, lansefran 20. 46 na 8.8 ni 54.8, mara 2 ni 109.6. 81 ndani yake ni 74 kwa mia! Nafasi ni karibu sawasawa na za ile mechi ya kuaga, na pointi 21 juu. Kama unataka kumutetea Kobe mbele ya watu, acha ile 60, lete 81.

Wilt mwaka ya pointi 50 alikuwa na 53.6 kwa mia. Leo wastani ya NBA iko ku 58, mutu mwenye anapiga 53.6 leo wanamuweka ku benchi. Lakini badilisha makuta tena! 1962 wastani ilikuwa kama 48, hakukuwa mustari ya pointi tatu, ile ya shuti ya mbali (uliingia 1979-80), kwa hiyo Wilt alikuwa karibu 6 juu ya watu ya wakati yake, na hapo alikuwa anakosa lansefran karibu nne mu kila kumi. Jordan ya 1987-88, pointi 35 kwa mechi, alikuwa 6 na nusu juu. Stephen Curry ya 2015-16, shuti ya pointi tatu 402 mu saizoni moja, alikuwa karibu 13 juu ya wenzake. Kumi na tatu. Mi nafikiri watu bado hawajameza ile saizoni, juu ekipe yake Golden State walipoteza fainali na watu wakaona bora wasahau yote.

Haya. Mutu akiona namba zinakuwa mingi anataka moja tu yenye inafunga kesi, na kweli wako watu walitengeneza hizo. Ya kwanza kujulikana sana ni PER ya John Hollinger. Anachukua kila kitu mu kartasi ya mechi, pointi, ribaundi, asisti, bloku (kuzuia shuti na mukono), mipira ya kupoteza, anapa kila moja bei, anarekebisha na kasi ya mechi, kiisha anaipanga mpaka muchezaji ya katikati kila mwaka anatoka na 15. Muzuri sana. Jordan alimaliza na karibu 28 mu maisha yake yote ya mupira. Lakini jaribu kuuliza PER juu ya Bill Russell. Inakuambia 18.9. Amar'e Stoudemire iko na 21.8. Kwa hiyo kufuatana na PER Stoudemire anapita mutu mwenye alibeba kombe 11 mu saizoni 13 na alichaguliwa MVP, muchezaji bora ya mwaka, mara 5.

Hapa usikimbie kutukana formula, uliza kwanza imekula nini. Russell hakuwa mufungaji, hajafikisha hata mwaka moja wastani ya pointi 20, na shuti zake alizikosa sawa watu ya wakati yake. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Na bloku walianza kuandika mu 1973-74, yeye aliacha 1969! Kuiba mupira vile vile ni 1973-74. Mipira ya kupoteza ni 1977-78. Ile kitu yenye ilimufanya Russell kuwa Russell haiko ndani ya kartasi, na formula inasomaka kartasi tu, haijawahi kuona mechi. Ni sawa mukubwa ya kampuni aje kuniuliza depo yangu ilipata ngapi na nimupe kaye ya vitu vilitoka bila kaye ya vitu viliingia. (Na kwa wenye wanapenda kuhesabu MVP ya fainali: Russell iko na sifuri. Ile zawadi ilianza mwaka aliacha, 1969, na wakaipa Jerry West mwenye alipoteza fainali yenyewe. Leo zawadi inaitwa jina ya Russell.)

Hata zenye ziliandikwa, uliza nani aliziandika. Bloku, asisti na kuiba mupira zinahesabiwa na mutu ya pale nyumbani kwa ekipe, na mutu ya nyumbani ni mutu. Watu walirudi kuchunguza saizoni ya Jordan ya 1987-88, ile alichaguliwa muzuizi ya mwaka, na wakakuta mipira aliiba akiwa nyumbani inapita mbali zile aliiba ugenini. Sisemi hakustahili. Nasema bei ya soko na bei ya shangazi yako mwenye anauza mule sokoni haiko moja.

Kuna ingine, win shea, yenye inachukua ushindi ya ekipe na kuigawanyia wachezaji sawa mukate. Kareem Abdul-Jabbar alimaliza na 273, Jordan 214. Kareem! Kwa kinyozi hakuna hata moja mwenye alimutaja, mutu alicheza miaka 20, akafunga pointi 38,387, na ndani ya zote shuti ya tatu ni moja tu. LeBron alimupita tarehe 7 Februari 2023 na siku ile watu walipost picha ya LeBron, Kareem wakamukata pembeni. Lakini ukigawanya ile mukate na dakika zenye mutu alicheza, Jordan anapanda juu, Kareem anashuka. Mukate ni ule ule, wewe njo umebadilisha swali, kutoka "alikula ngapi" mpaka "alikuwa anakula kwa kasi gani".

Na hapa njo peti na kinyozi walikuwa wanapigania bila kujua. LeBron aliingia NBA na miaka 18 na bado iko nacheza akiwa na zaidi ya 40. Jordan alisoma kwanza univasiti miaka tatu, akaacha 1993, akarudi 1995, akaacha 1998, akarudi tena Washington 2001 mpaka 2003. Hesabu ya kujumlisha, sawa ile wanaita vorpi, inamupa LeBron zaidi ya 150 na Jordan 116, ni mushahara ya mwalimu ya miaka mingi na ya mufanya biashara mwenye alifunga duka mara mbili. Na uone vile wastani nayo inaadhibu: Jordan akiacha Chicago alikuwa na wastani ya pointi 31.5, ile miaka mbili ya Washington, goti inauma, ikaishusha mpaka 30.1. Alicheza muzuri kwa mutu ya miaka 39, akapunguza jina yake juu alipenda mupira. LeBron hii haimuumi kwa jumla, inamuuma tu kwa wastani. Chagua kipimo na umeshachagua mushindi, hata mbele ya kuangalia namba.

Sasa ile yenye mimi napenda kupita zote, na ni juu ya kazi yangu. Depo yetu iko na wauzaji saba, kila siku wanakuja watano. Nani anauza sana? Ukiangalia nani alipokea makuta utasema ni ule ya mbele ku kaunta, lakini kuna siku hakuja na tuliuza sawasawa, na kuna kijana moja ya nyuma, anapanga tu magunia, hasemi na mutu, akikosa siku moja wateja wanangoja mpaka wanaondoka. Plasi-mainasi ni ile: usiangalie nani alifunga, angalia ekipe ilipata ao ilipoteza ngapi huyu akiwa ndani, na ngapi akiwa nje.

Shida yake unaiona palepale. Mutu yeyote akicheza kando ya Curry namba yake itakuwa tamu. Mutoto yetu Jonathan Kuminga, alizaliwa hapa Goma 2002, mwaka ile ile ya lava ya volkano, akabeba kombe na Golden State 2022 mu saizoni yake ya kwanza, na mutu akikuletea plasi-mainasi yake lazima uulize dakika hizo Curry alikuwa ndani ao nje. Basi wanahesabu wakafanya hivi: wanachukua kila kipande ya kila mechi, watu kumi wenye wako ndani, pointi zenye zilitoka, wanaandika mastari elfu na elfu ya hesabu, kiisha wanaachia ordinatere itafute bei ya kila mutu yenye inafanya mastari yote ikae sawa. Wanaita rapmu. Wenye walikuwa ndani pamoja kila siku haiwezi kuwaachanisha vizuri, sawa kwangu kuna ndugu wawili wanakuja pamoja na wanarudi pamoja, sijui hata leo nani kati yao anauza. Na mutu mwenye alionekana siku tatu tu na duka ikauza sana, ordinatere haimuamini haraka, inamuvuta karibu na sifuri mpaka alete ushahidi. Ile kuvuta njo siri yenyewe, bila hiyo kila saizoni namba ya kwanza ingekuwa mutu moja ya mwisho ya benchi mwenye alicheza dakika kumi na bahati.

Lakini ile kuandika kila kipande ilianza kupatikana 1996-97. LeBron iko ndani muzima, kutoka siku ya kwanza. Jordan iko na saizoni mbili za mwisho Chicago na zile mbili za goti. Magic Johnson, Larry Bird, Kareem, Wilt, Russell, hakuna. Kwa hiyo mutu akikuletea rapmu mu mabishano ya "ya wakati wote", muulize wakati wote ilianza mwaka gani.

Kuna njia ya masikini, angalia mutu akiondoka. Na hapa kinyozi alipoteza sauti kidogo. Chicago mu 1992-93 na Jordan walishinda mechi 57. Jordan akaacha, mu 1993-94 bila yeye wakashinda 55. Cleveland mu 2009-10 na LeBron walishinda 61, akaenda Miami, wakashinda 19. Peti akaruka ku kiti, kinyozi akamurudisha na mukono ku bega. Ngoja lakini. Chicago walibaki na Scottie Pippen mwenye mwaka ile alikuwa wa tatu mu kura ya MVP, walikuwa na Horace Grant, Toni Kukoč akafika, antrenere ni ule ule Phil Jackson. Cleveland walibadilisha antrenere, Shaquille O'Neal akaondoka, wengine wakaumia. Na Chicago mwaka ya pili walikuwa wameshinda 34 na kupoteza 31 Jordan akirudi, na mwaka yenye ilifuata, Jordan muzima, ikawa 72 kwa 10. Duka yenye inabaki wazi wiki ya kwanza mwenyewe akisafiri haimaanishe mwenyewe hana kazi, kuna watu alifundisha na kuna mali iko bado ku rafu. Me 55 ni 55. Mutu ya Jordan lazima aimeze, na maji.

Halafu kuna Nikola Jokić mwenye anakuja kuharibu karamu. PER ya juu mu historia kwa saizoni moja ni yake, 2021-22, karibu 33. Mu ile hesabu ya biipiemu yenye inajaribu kusoma plasi-mainasi kupitia kartasi ya mechi, saizoni ile ile inapita zote za Jordan na za LeBron. Kama unaamini formula mpaka mwisho lazima useme Serbia njo wametoa muchezaji mukali kupita wote, na wako watu wanasema. Mimi naona kitu ingine. Hizi formula zilifundishwa na wachezaji wa kawaida, zikajifunza kwamba mutu murefu mwenye anakamata ribaundi ni hivi, na mutu mwenye anapana asisti ni hivi. Jokić ni vyote viwili mu mwili moja, na formula inajumlisha tu, sawa mashine ya kupima uzito umepandisha watu wawili. Labda kweli iko vile. Labda mashine imepita mwisho ya namba zake. Mechi zake nimeziona mingi na bado nasita.

Ukinilazimisha, mimi saizoni moja tu nachagua Jordan ya 1990-91, juu alifunga mingi bila kupoteza nafasi, alizuia, na kombe ikakuja. Miaka 20 nachagua LeBron bila hata kufikiri. Ribaundi moja yenye maisha yangu inategemea, Rodman. Na nikitafuta mutu wa kupiga lansefran mwisho ya mechi, simupi Wilt.

Nilisema vile, nikafikiri tumemaliza. Muzee akaweka simu mu mufuko. "Na Mutombo munamuweka wapi?"

Wote tukanyamaza, juu Dikembe Mutombo, Mukongo mwenzetu, huku kwetu hawamutajake ovyo, tangu alituacha mu Septemba 2024. Bloku 3,289, ya pili mu historia, mbele yake ni Hakeem Olajuwon tu na 3,830. Muzuizi ya mwaka mara 4. Lakini PER yake ya maisha ni 17.2, kidogo juu ya mutu ya katikati, juu hakufungaka sana na asisti hakuna. Aliingia NBA 1991 akiwa na miaka 25 wakati wengine wanaingia na 18, kwa hiyo kila hesabu ya kujumlisha imemuibia miaka. Na ile "ya pili mu historia" yenyewe inaanza 1973, Wilt na Russell hawako ndani, wangehesabiwa labda angeshuka, nikamuambia muzee na heshima yote. Mu 1994 Denver yake, ekipe ya nane, wakatoa Seattle ya kwanza, Mutombo bloku 31 mu mechi tano, kiisha akalala chini na mupira juu ya kichwa. Zile 31 ziko mu kartasi. Zile watu ya Seattle walifika chini ya kikapu, wakamuona, wakarudisha mupira nje bila kupiga, hakuna mwenye aliziandika.

"Andika wewe," muzee akaniambia, "si uko mutu ya hesabu."

Kinyozi akawasha mashine, akamaliza peti mu dakika tano, haraka haraka juu foleni ilikuwa imefika nje. Peti akajiangalia ku kioo, upande ya kuume iko juu kidogo kupita ya kushoto. Kinyozi akamuambia wote wananyolewa vile sasa, akuje alipe.